Kifaa Kisichopata Joto

Kila akimaliza kupima umeme kwa mita, binti huyu fundi hukigusisha kifaa chake kwenye mdomo wa juu, kama mama anayepima uji wa mtoto. Vidole vyake vimekomaa kwa kuchomelea, haviamini tena kwa kupima joto. Kifaa kinasikiliza moyo wa baba yake na kuchuja kelele nyingine za mwili. Kile cha kwanza mzee alikivua siku ile ile aliyovishwa. “Mwanangu, umenifunga pasi kifuani.” Basi, ili kisipate joto, fundi akakifundisha kipya usingizi wa kuku: pigo likija kinaamka, kinahesabu, kinalala tena. Kila amri ya ziada aliifuta kwenye programu huku akipiga mluzi.

Wiki ya pili alimkuta mzee akipekua mifuko ya koti, uso ameukunja. “Kidude chako kimepotea, mama. Usinigombeze.” Fundi akamgonga kifuani kwa kidole, plastiki ikalia chini ya shati.

“Kumbe kipo?”

“Tangu Jumatatu, baba.”

Walicheka mpaka mzee akatafuta kiti. Kisha fundi akafungua daftari la vipimo, na kwenye safu ya joto, badala ya namba, akaandika: “Mvaaji amekitafuta.”