Bibi Fumiko na Sahani ya Tatu

Jamani, hili nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wifi yangu, maana yeye akisimulia huongeza chumvi: ni mimi niliyemlisha jirani yangu wa miaka sabini na nane mpaka akatapika mbele ya watu, mchana wa Idi, kwenye ukumbi wa ghorofa letu pale Flemingdon Park, huku ughaibuni.

Bibi Fumiko ni Mjapani, milango yetu inatazamana, na ndiye aliyekuwa akinilelea mwanangu nikiwa kazini (malipo hataki hata kuyasikia). Basi nikataka kumwonyesha ukarimu wetu. Nikampakulia viazi vitamu vya nazi, sahani imejaa, akavitazama kidogo, akala vyote. Sasa mimi nimelelewa Tanga, sahani ya mgeni ikiwa tupu maana yake hajashiba, nikaongeza. Akasema, "Asante, inatosha." (Nani kwetu anaamini inatosha ya kwanza?) Akamaliza tena, hata tui akalikomba, nami nikamgeukia wifi kwa majivuno, "Unaona anavyopenda mapishi yangu?" nikaongeza ya tatu.

Ya tatu aliila polepole, jasho linamtoka, akainuka aende msalani, hakufika. Na yule mama, badala ya kunilaumu, akapiga magoti anafuta kwa tishu, akiniomba radhi kwa kuharibu chakula. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilipompeleka kwake nikamwuliza kwa nini hakubakiza tu. Akaniambia vita vilimkuta bado mtoto, katika mji mdogo huko Japani, uwanja wa shule yao ukalimwa viazi vitamu, wakavila asubuhi na jioni, vilipokwisha wakala mashina yake. Siku moja alisusa, akaacha nusu kiazi. Mama yake hakugomba, alikila kile kipande upesi upesi, na hapo ndipo mtoto alipojua kwamba mama hakuwa amekula kitu.

"Tangu hapo sibakizi," alisema. "Na viazi vitamu sijavigusa tangu vita viishe. Ila leo ulivipika wewe."

Nililia mimi, yeye ndiye akanipa maji.

Idi iliyofuata alikuja tena (ningekuwa mimi, nisingekuja). Nikapika wali. Alipomaliza, mkono wangu ulishakamata upawa, nikaona ukingoni mwa sahani yake punje moja. "Hiyo nimekuachia wewe," alisema.

Nikaiokota kwa kidole, nikaila, nikarudisha upawa sufuriani. Tangu siku hiyo, mgeni wangu akisema inatosha, imetosha.