Nyumba Niliyoibomoa kwa Chaki

Chuo kimoja pale Kasulu kilikubali kunipokea nikiwa na cheti cha darasa la saba na miaka kumi na tisa ya kuuza mitumba sokoni. Kwenye fomu waliandika kwamba nina uzoefu. Nilifurahi, maana hadi siku hiyo nilidhani nina umaskini tu.

Kozi ilikuwa ya maendeleo ya miji. Mwalimu wetu, kijana mpole anayepiga pasi hadi mfuko wa shati, hakupenda kutuandikisha nukuu ubaoni. Alitufundisha kwa midahalo, maigizo na safari za fildi. Mji, alisema, haufundishiki mtu akiwa amekaa. Sisi tukakaa vizuri, tukaandika sentensi hiyo kwenye madaftari.

Mdahalo wa kwanza ulihusu nyumba za tope katikati ya mji: ziondolewe au ziachwe? Nikapangwa upande wa kuziondoa. Mimi mwenyewe nalala kwenye nyumba ya tope, lakini upande ukishapangiwa umepangiwa. Nilisimama nikasema maendeleo hayambembelezi mtu. Makofi! Sikuwahi kupigiwa makofi namna ile tangu nizaliwe. Hata kwenye harusi yangu walishangilia zaidi pilau. Tukashinda.

Wiki iliyofuata tukafanya igizo dhima. Darasa likawa mkutano wa hadhara, vijana wakawa wananchi, na mimi afisa ardhi. Waliniteua kwa sababu, walivyosema wao, "mama ana sauti ya serikali." Kijana mmoja alijitanda khanga akawa bibi kizee, akashika mguu wa meza na kulia: "Afisa, nitakwenda wapi na wajukuu?" Nikamwambia asubiri barua. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Naandika hilo makusudi, kwa sababu nina tabia ya kukumbuka makosa ya wenzangu tu.

Mwalimu alinipa alama kumi na nane kati ya ishirini. Alisema mbili amezipunguza kwa kuwa nilimwacha bibi amalize kulia.

Ndipo tukaenda fildi, Kibondo, siku mbili. Kazi ilikuwa kuhoji kaya zilizo nyuma ya soko. Mwalimu alituagiza: "Kila nyumba mkishaihoji, wekeni alama ya chaki ukutani, kundi lingine lisiirudie." Chaki nyeupe zilikuwa zimeishia kwa kundi la kwanza. Sisi tukapata nyekundu, nikakabidhiwa mimi kwa heshima ya umri. Alama gani, hakusema. Sikuuliza pia.

Nikaweka X. Kwa nini X na si alama ya vema? Hadi leo najiuliza. Nadhani mkono ulichora kile ulichokiona zaidi kwenye madaftari yangu ya shule. Nyumba saba, X saba, nyekundu, kubwa, zimenyooka vizuri. Nchi nzima inajua X nyekundu ukutani maana yake ni nini. Wasomi wa miji tulikuwa watano pale, na hakuna aliyekumbuka.

Nyumba ya saba ilikuwa ya mama mzee, mjane anayeuza mawese. Alitupokea kwa kupiga makofi taratibu na salamu ya Kiha, "Mwakeye," akatuwekea mkeka. Alijibu maswali yote ya dodoso: vyumba vingapi, choo cha aina gani, kiwanja kina hati au hakina.

"Haya yote ya nini, mwanangu?" aliniuliza.

"Masomo tu, mama."

"Ego, haya, masomo," alisema, akaingia ndani kututafutia ndizi. Tulizila, tukashukuru. Wakati tunatoka nikachora X yangu kando ya mlango.

Kesho yake asubuhi tulipita pale na mwalimu. Fundi alikuwa juu ya nyumba na nyundo, anang'oa misumari. Mabati yalikuwa yamebaki matatu. Mengine yalipangwa chini ukutani, na mama amekaa mkekani mbele yake kama anayelinda maiti.

"Mama, kuna nini?" nikauliza.

"Unaniuliza mimi? Si mmeniwekea X?" Hakupaza sauti. "Dada yangu aliwekewa hiyohiyo, huko barabarani. Akasubiri barua. Greda likaja kwanza. Mabati yake yalikunjwa kama karatasi ya maandazi. Mimi nikasema, nyumba wachukue, mabati hawayapati."

"Karibuni, maafisa!" fundi alituita kutoka juu. "Mmekuja kukagua? Kazi inakwenda vizuri."

"Ni alama ya masomo, mama," nikasema.

"Nyekundu?"

"Nyeupe ziliisha."

Fundi alicheka hadi akashika boriti asianguke.

Mwalimu akasema kosa ni lake, yeye ndiye hakutaja alama gani. Ilikuwa kweli, na nilitamani sana iishie hapohapo. Lakini mkono ulikuwa wangu, nikakiri. Nikalowesha ncha ya kitenge changu nikafuta. X ikageuka ya pinki. Nyumba nyingine sita wenyewe walikuwa wameshafuta tangu jioni, bila kutuuliza, kama watu wenye akili.

"Mimi kufuta niliogopa," mama alisema. "Kufuta alama ya serikali ni kesi."

Tukamwomba aruhusu mabati yarudishwe, maana mawingu yalikuwa yameshafunga upande wa Mabamba. Akakataa. "Nani ananiambia haibomolewi? Wewe? Jana uliniambia masomo. Mleteni mwenyewe."

Tukaenda kumleta mtendaji wa kata. Nimtendee haki: aliacha chai yake akaja kwa miguu, haraka. Akaitazama ile pinki, akasema, "Mama, mimi sijaweka alama yoyote hapa."

"Na hutaweka?"

Pale darasani ningekuwa na jibu tayari. Mtendaji hakujifanya analo. "Kwa sasa hakuna mpango ninaoujua mimi, mama."

"Kwa sasa," mama alirudia. Akainuka kwenye mkeka. "Fundi, rudisha. Lakini kila bati misumari miwili tu. Siku wakija kweli nisipate taabu ya kung'oa."

"Misumari miwili? Upepo je, bibi?"

"Mawe hayapo? Na hawa wasomi wamekuja kufanya nini?"

Basi tukabeba mawe kutoka korongoni. Mwalimu alipanda ngazi na suruali yake yenye mkunjo wa pasi, akawa anapokea na kuyapanga juu. Hakuwa hodari, lakini hakushuka. Mvua ilitukuta bati la mwisho bado. Tuliingia wote chumbani tukabanana upande mkavu, na mama akayafunika madumu yake ya mawese kwa ule mkeka. Maji yalidondoka kwenye matundu ya misumari ya zamani. Upepo ukainua pembe ya bati moja, ukalirudisha kwa kishindo.

Mama alisikiliza kidogo. "Hilo linataka jiwe lingine," akaniambia.

Nikatoka kulitafuta.