Kamera Isiyo na Mlio

Jumapili, tarehe kumi na tano Juni. Mawingu yalitanda tangu alfajiri, lakini mvua haikunyesha. Mwanga ulikuwa mweupe na laini, hauna kivuli, mwanga ambao wapiga picha wakiuona hutoka nje kabla hawajamaliza chai.

Wapiga picha watatu wa studio iliyo nyuma ya duka la fundi cherehani hawakutoka. Walikuwa wamejifungia ndani, wanabishana.

Studio yenyewe ni chumba kimoja na ujia. Chumbani kuna pazia la kijivu la kupigia picha za vitambulisho, taa mbili za miguu mitatu, kiti cha kuzunguka ambacho kimeshaacha kuzunguka, na kabati la chuma lenye kufuli. Ndani ya kabati zimo lenzi: fupi za kupigia makundi, ndefu za kupigia vitu vya mbali, na moja nene wanayoiita Sufuria, ya kupigia nyuso. Hakuna lenzi yenye mwenyewe. Mwenye kazi anachukua, akimaliza anarudisha. Hili liliwezekana kwa sababu wote watatu walitumia kamera za kampuni moja, ile aliyoitumia mwalimu aliyewafundisha kazi. Waliipa jina la Kobe kwa uzito wake na ukaidi wake. Kampuni nyingine, ambayo wapiga picha wengi wa mjini walikuwa wamekwisha kuhamia, waliiita Swala. Lenzi ya Kobe haimwingii Swala, na ya Swala haimwingii Kobe. Kwa hiyo wakihama, wahame wote na kabati lote liuzwe. Wakibaki, wabaki wote. Mwenye duka la kamera alikuwa amewaazima Swala mmoja wa kujaribia kwa wiki nzima, na kesho yake asubuhi alitaka jibu.

"Mama Pacha, unaogopa nini?" aliuliza yule wanayemwita Mrefu. "Kobe amezeeka. Hata betri zake hawatengenezi tena. Utabaki umening'iniza tofali shingoni."

"Tofali hilo limenisomeshea watoto wawili," alijibu Mama Pacha, "tena kwa mpigo, maana walikuja kwa mpigo."

"Hakuna aliyesema halikusomesha. Mimi nasema lipumzike."

"Ulisema hivyo hivyo juu ya ile pikipiki ya zamani. Ikapumzika, na sisi tukapumzika nayo, kwa miguu."

Wa tatu alicheka. Huyu ndiye habari hii inamhusu. Watu humwita Tulia, kwa sababu hilo ndilo neno lake: kila anayekaa mbele ya kamera yake huambiwa tulia, tulia, hivyo hivyo, tulia. Ni mtu wa makamo, mwembamba, mpole wa maneno. Ndiye aliyekaa na Swala wiki nzima. Mrefu alitaka kuhama, Mama Pacha hakutaka, na neno la mwisho likawa lake.

"Haya, Tulia, sema," Mrefu alimhimiza. "Wewe ndiye uliyelala naye wiki nzima."

"Kama amelala naye, aulizwe mkewe," alisema Mama Pacha.

Tulia alinyoosha mkono. Alimchukua Swala mezani, akaingia kwenye mipangilio yake, akabonyeza hapa na pale, kisha akamwelekezea Mrefu.

"Bonyeza basi," alisema Mrefu.

"Nimeshabonyeza."

"Sijasikia kitu."

"Nimezima mlio. Sasa hivi nimekupiga mara tatu."

Mrefu aliinuka kitini kama aliyechomwa sindano. Alimnyang'anya kamera, akajiona kwenye kioo, mdomo wazi, akapiga kofi pajani. "Umeona, Mama Pacha? Kimya! Hata mtoto aliyelala haamki. Na wewe unakaa na Kobe, kila ukibonyeza jirani anadhani umefunga mlango!"

Tulia alitabasamu. Alifurahi kama mtu aliyeonyesha kiinimacho kikakubali. Na kweli wiki ile Swala alimlainisha moyo. Alikwenda naye uwanjani kuwapiga wacheza mpira. Kila mchezaji alitoka na jasho lake na mshipa wake wa shingo. Alikwenda naye kwenye duka la viatu kupiga bidhaa; viatu vilitoka kama vinataka kutembea. Kitu ambacho hakukifikiria ni kwamba mchezaji akikimbilia mpira hamsubiri mpiga picha, wala kiatu hakimsubiri.

Simu yake ililia. Alikuwa binti wa shangazi yake, aliyemzidi umri, ambaye alimwita dada.

"Kaka, uko wapi? Mama ameshavaa. Jirani anatupeleka na gari lake alasiri hii. Daktari anataka alale wodini leo, kesho asubuhi aingizwe chumba cha upasuaji."

"Nakuja, dada. Niko njiani."

"Njiani wapi, nasikia watu wanabishana!"

Shangazi huyo ndiye aliyemlea Tulia tangu baba yake alipofariki. Ndiye aliyemsomesha mpaka akamaliza sekondari, na kijana aliposema anataka kujifunza kupiga picha badala ya kutafuta kazi ya ofisini, ndugu wote waligeuza nyuso isipokuwa yeye. Alisema, "Haya, anzia kwangu." Akajitolea kuwa mtu wa kujifunzia.

Kwake yeye ndiko Tulia alikopata ujuzi wake. Zamani hizo shangazi alikuwa akiona kamera hukaza uso kama anahojiwa polisi. Kijana alimwambia, "Shangazi, usitikisike mpaka usikie mlio." Shangazi alikaa kimya, kidevu juu. Kobe akalia, kacha! Shangazi akajua yamekwisha, akashusha mabega, akamwangalia mtoto wa kaka yake alivyochuchumaa na jicho moja limefumbwa, akaangua kicheko, na pengo lake la mbele likaonekana lote. Kijana akabonyeza tena.

Tangu siku hiyo Tulia hakuipigia hesabu picha ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa ya kumpa mtu ruhusa ya kupumua. Uso wenyewe ulikuja baada ya mlio, mtu alipodhani ameachiwa, na hapo ndipo alipobonyeza ya pili. Maharusi, wazee, mameneja wa benki, wote aliwapata kwa njia hiyo, nao walimsifu kwamba ana mkono.

Picha ile ya kicheko shangazi aliitia kwenye fremu. Unyevu wa ukuta ukaingia, karatasi ikagandamana na kioo, na siku walipojaribu kuibandua, uso ulibaki kwenye kioo vipande vipande. Tulia alisema atampiga nyingine. Alisema hivyo miaka na miaka. Alimwona shangazi kila wiki, na mtu unayemwona kila wiki humpigi picha.

Sasa shangazi alikuwa na uvimbe katika taya. Daktari hakumficha: watatoa kipande cha mfupa, atapona, atakula, atasema, lakini mdomo utavutwa upande mmoja, na kicheko chake hakitakuwa kile cha zamani. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akampigia Tulia simu. "Njoo unipige kabla hawajanikata. Nataka kile kicheko kibaki mahali. Wajukuu wasije wakadhani nilizaliwa nimepinda."

Hiyo ndiyo kazi iliyomngoja alasiri ile. Mezani palikuwa na mifuko miwili, wa Kobe na wa Swala. Mkono wa Tulia ulikwenda kwa Kobe, ukasita, ukamchukua Swala.

"Leo ndiyo nitajua," aliwaambia wenzake. "Nikitoka kwa shangazi nitakuwa na jibu."

"Mpe salamu," alisema Mama Pacha. "Mwambie tunamwombea."

Shangazi alikuwa amekaa uani, kwenye kiti cha mbao, amevaa gauni lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama. Uvimbe ulionekana kidogo upande wa kushoto. Tulia alimgeuza kwa upole mpaka upande ule ukaingia ndani. Mwanga ulikuwa wa kuomba.

"Mbona kamera ndogo hivyo?" shangazi aliuliza. "Umeishiwa, ukauza ile nyingine?"

"Ndogo lakini kiboko, shangazi. Tulia. Hivyo hivyo, tulia."

Shangazi akainua kidevu, akafunga mdomo, akatulia.

Tulia akabonyeza. Ndani ya kidirisha cha kamera aliona kiboksi kidogo cha kijani kikilidaka jicho la shangazi na kulishika kama gundi. Hata kope zilihesabika. Akabonyeza tena, akasogea, akabonyeza. Akamkumbusha habari ya jogoo aliyemfukuza mchukua taka, kisa ambacho kila mwaka kilimvunja shangazi mbavu. Shangazi alitikisika kidogo mabegani, lakini midomo hakuiachia. Tulia alidhani ni maumivu. Alidhani labda ni hofu ya kesho. Akapiga goti, akabadilisha upande, akaendelea kubonyeza, na kila aliloliona lilikuwa safi, kali, halina dosari. Na kila alichokiona kilikuwa uso wa mtu anayehojiwa polisi.

Honi ililia nje. Dada alitoka na begi mkononi. "Mama, gari limefika. Jirani ana safari yake, tusimcheleweshe."

Shangazi hakugeuka. Kwa pembe ya mdomo, kama anayeogopa kuharibu kitu, alisema, "Ngoja kidogo, bado hajapiga."

"Nimeshapiga, shangazi," alisema Tulia.

Hapo ndipo uso ulipofunguka, lakini kwa mshangao. "Umeshapiga? Saa ngapi? Mbona sikusikia?"

"Hizi za siku hizi..." alianza Tulia. Alikumbuka vidole vyake mwenyewe vikizima mlio asubuhi mbele ya Mrefu. Hakuwa ameuwasha tena.

"Lo! Basi mimi nimekaza uso wote huu nakusubiri wewe," alisema shangazi. "Mpaka taya limeniuma."

"Shangazi, kaa tena. Dakika moja tu. Nimekosea mimi."

"Kaka, gari," alisema dada.

"Dakika moja, dada, nakuomba!"

Jirani alipiga honi tena, mara hii ndefu. Shangazi alijishika kiti, akainuka kwa taabu. "Yatosha, mwanangu. Nimechoka. Hizo ulizopiga si zipo?"

"Zipo."

"Basi. Utazichagua."

Tulia alimsindikiza mpaka garini. Shangazi alipokwisha kuketi, Tulia aliinua kamera kwenye dirisha, mlio ameshauwasha. Shangazi alipoiona tu, akainua kidevu na kufunga mdomo. Kamera ikalia, kilio chembamba kama cha saa ya mkononi. Mlio aliokuwa anaujua shangazi haukuwa huo. Aliendelea kusubiri, kidevu juu, hadi gari lilipokata kona.

Jioni Tulia alizitazama picha zote pamoja na mkewe.

"Nzuri," alisema mkewe. "Amependeza. Kama za pasipoti." Alipomwona mumewe haondoi macho kwenye picha, aliongeza, "Si alikuwa anaumwa, baba watoto? Mtu anayeumwa atacheka vipi?"

"Angecheka," alisema Tulia. "Hakujua kama nimemaliza."

Alimweleza yote. Mkewe alisogea karibu. Alimwekea mkono begani, akaenda kufunga madirisha. Tulia alibaki pale, akirudia picha moja moja. Kamera haikuwa na kosa. Ilifanya kila ilichoambiwa. Yeye ndiye aliyekwenda kwa shangazi na jambo la kujaribu, wakati shangazi alimwita kwa jambo la kumaliza.

Asubuhi iliyofuata aliamka mapema, akapita studio, akamwacha Swala, akamchukua Kobe na mfuko wake, akaenda hospitali. Alitumaini kupata hata kidogo, kitandani, kabla ya kuingizwa. Muuguzi wa zamu alimzuia mlangoni. "Ameshaingia, baba. Upasuaji wake wameutanguliza."

Dada alikuwa kwenye benchi la ujia. Tulia akaketi kando yake, mfuko magotini. Hakumweleza habari ya picha, naye dada hakuuliza.

Simu ikaita. Alikuwa Mrefu. "Mwenye duka amefika. Tunasubiri neno lako. Tunahama au hatuhami?"

"Amueni ninyi. Mkihama nitahama, mkibaki nitabaki."

"Tulia, jana ulisema utakuja na jibu."

"Nilisema hivyo, ndiyo," alijibu, akakata.

Baadaye muuguzi alitoka na mfuko wa plastiki. Ulikuwa na shuka na nguo alizolalia shangazi, zina doa la dawa. Alisema mgonjwa akitolewa atahitaji za kubadilisha. Dada alitaka kunyanyuka, lakini Tulia alimtangulia, akauchukua. Alikwenda mpaka nyumbani kwa shangazi, akajaza beseni maji pale uani, akazifua zote kwa mikono, akazikamua, akazianika kwenye kamba. Jua lilikuwa limetoka. Alisimama chini ya kamba akisubiri zikauke, ili azirudishe wodini kabla shangazi hajazinduka.