Maneno Niliyompunguzia Rispa

Nakumbuka, mwanangu, siku moja ya miaka ya sabini nikiwa mkalimani mpya katika mahakama moja mjini Nairobi. Nilivaa suruali pana iliyofagia sakafu, nikajiona mtu. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri Kiluhya cha watu wetu kwa Kiingereza ili hakimu aelewe.

Asubuhi hiyo fundi seremala wa Kangemi alikuwa na kesi ya kumpiga mkewe, Rispa. Kabla hatujaingia, alinivuta kando.

"Ndugu yetu," akaniambia, "hii mambo ni ya nyumbani. Usituaibishe."

Nami, mjinga wa watu, nikaona ana haki. Nililelewa kwamba mambo ya nyumba ya mtu hayasemwi mbele ya wageni. Rispa alisimama, mkono ukiwa kwenye plasta, akaeleza bila kulia jinsi alivyopigwa kwa mpini wa nyundo mpaka mfupa ukavunjika, na kwamba hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mimi nikamwambia hakimu kwamba waligombana, akaumia mkono. Nilidhani namsitiri, kumbe namwangamiza. Hakimu akasema ugomvi wa aina hiyo ni wa wazee wa ukoo, na kwamba alasiri angewarudisha wote wawili nyumbani.

Mzee Salim, karani wa mafaili, alikuwa mtu wa Mombasa, lakini alikuwa amefanya kazi Kakamega miaka mingi na Kiluhya alikijua. Alinifuata nje, akanisemesha kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma.

"Kijana, mama yule kasema mengi, nawe umempunguzia. Leo akirudi kwa mume yule, wewe ndiye uliyemrudisha."

Chakula kilinishinda. Alasiri nilisimama, nikakiri kwamba sikutafsiri yote. Hakimu alinikaripia mbele ya kila mtu, na nilistahili. Kisha akamtaka Rispa aanze upya, nami nikayasema yote, hata yale yaliyonitoa jasho. Barua ya daktari ikasomwa. Seremala akafungwa, na Rispa akahamia kwa dada yake aliyekaa mtaa wa Ngara. Mwaka uliofuata nilimkuta huko akiuza mboga, akibishana na wateja kwa kicheko. Nilirudi nyumbani na furaha ambayo sijaimaliza hadi leo.

Basi, mwanangu, uwe askari, karani au jirani tu, mtu aliyepigwa au kunajisiwa akikueleza, usimpunguzie maneno kwa kuona haya. Mwenye kuona haya awe yule aliyetenda. Mpeleke hospitali, mpeleke polisi, na siku ya kesi ukae mahali anapoweza kukuona.

Mungu akujalie masikio ya kusikiliza hadi mwisho, na akupe nyumba ambayo hakuna anayeshtuka ukifungua mlango.