Taa ya Mahmoudi na Miguu ya Papa Bavon

Kuna wanaoishi kwa mikono yao, na kuna wanaoishi kwa midomo. Papa Bavon wa Kabondo, mjini Kisangani, aliishi kwa miguu. Ujanani, kijijini karibu na Isangi, alikuwa msukuma kinu cha mawese: pipa kubwa, chuma kinene kimesimama katikati yake, gogo limepenyezwa kwenye chuma, na wanaume wanne wanalizungusha tangu umande mpaka jua la utosi, chikichi zipondeke na mafuta mekundu yatoke. Hapakuwa na injini. Injini walikuwa wao, na petroli yao ilikuwa chikwanga, mkate wa muhogo.

Alipohamia Kisangani akawa mtu wa toleka, akibeba abiria nyuma ya baiskeli. Vita vilipozuia mafuta kufika, mji mzima ulisogea kwa mapaja ya watu kama yeye. Wagonjwa, maharusi, magunia ya makala, yaani makaa, kutoka njia ya Bengamisa, vyote vilipita juu ya miguu ile. Halafu pikipiki zikaja kutoka huko zinakotoka, na miguu ikakosa kazi.

Mkewe, Delphine, alifariki akimzaa Stéphanie, binti yao wa pekee. Umeme wa maporomoko ya Tshopo ulikuwa umekwenda zake, kama ilivyo desturi yake, na kibatari kilikauka katikati ya kazi. Mtu aliyekamua mapipa na mapipa ya mafuta hakuwa na kijiko kimoja ndani ya nyumba! Mkunga alisema gizani, "Damu inatoka, sioni inatokea wapi." Bavon alishika mkono wa mkewe mpaka ukapoa, na uso wake wa mwisho hakuuona. Hilo halikumtoka moyoni hata siku moja.

Sasa Stéphanie mwenyewe alikuwa na mimba ya kwanza. Mumewe alikuwa Ubundu kwa kazi, naye alikaa kwa baba yake akihesabu wiki. Jirani yao alikuwa Mahmoudi, fundi wa kuunga vyuma, na mke wa Mahmoudi, Aïcha, ndiye mkunga ambaye nusu ya watoto wa avenue ile walipitia mikononi mwake. Ili mkewe asizalishe tena gizani, Mahmoudi alisimika chuma kirefu kando ya chumba cha uzazi nyumbani kwao, juu yake akafunga paneli ya sola ndogo kama sinia, waya ukaingia ndani mpaka kwenye balbu. Taa ikawaka nyeupe, kimya kabisa.

Tangu wiki ile Bavon akawa anaamka amechoka. Analala mapema, anaamka miguu ikitetemeka, nyayo zina tope, viganja vinanuka mawese. Stéphanie alimwogopa.

"Papa, uliendaka wapi?"

"Minaenda wapi? Nililala tu."

Nyama ya mapaja ikaanza kumwisha. Mama Berthe, muuza makala wa pembeni, hakuhitaji daktari. Kisangani kila mtu anajua kwamba wapo watu wanaoteka nguvu ya mwenzao usingizini na kuifanyisha kazi, ndiyo maana unaamka kama uliyelima.

"Banakutumikisha usiku, Papa Bavon," alisema akifuta masizi mikononi. "Angalia, groupe ya kutoa umeme inapiga kelele, tunajua inakula mafuta ya essence. Jiko langu linakula makala. Ile taa ya Mahmoudi inakula nini?"

"Inakula jua, Mama."

"Bon. Tutaona siku jua halitakuwa."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mvua ilianza Jumapili na haikukoma. Mawingu yalilala juu ya mji, sola za avenue yote zikafa moja baada ya nyingine, simu zikazima, mishumaa ikaisha dukani. Dirisha la Aïcha likabaki jeupe vilevile. Na kila asubuhi ya mvua Bavon aliamka amechoka zaidi, mpaka siku ya tano hakuweza kuvaa suruali bila kushikwa.

Mchana huo akajikokota kwa Mahmoudi, hasira zimemjaa. Hakufika mlangoni. Alisimama mbele ya kile chuma, akapitisha kiganja juu yake, akasikia tundu la mraba mahali pa kifua chake, kingo zake zimelainika kwa kusuguliwa. Tundu lile alilijua kuliko alivyojua mlango wake. Ndimo lilimopita gogo la kinu.

"Chuma hiki ulikitoa wapi?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya ugomvi tena.

"Kilikuya na baleinière ya Isangi, ile mashua ya mizigo, Papa, kati ya vyuma vya zamani. Nilikinunua kwa kilo." Mahmoudi alimtazama, kisha akatazama chini. "Papa Bavon, wallahi mimi pia ninaogopa. Betri ilikufa mbele ya mvua kuanza. Niliitoa, iko pale chini ya meza. Taa haina kitu inakula, na inawaka."

Mvua ilipiga mabati.

"Nitakikata," Mahmoudi akasema. "Mvua ikiisha tu, ninaleta groupe, ninakikata."

"Na mimi mpaka siku hiyo sitalala," Bavon akajibu.

Akanunua makasu kwa Mama Berthe, zile kokwa chungu za kufukuza usingizi, akatafuna uchungu ule usiku kucha, kahawa juu yake, macho makavu kama ya samaki wa kukaushwa. Na taa ya Aïcha ikafifia. Ikawa ya manjano, halafu nyekundu, mpaka ikabaki kama kaa la moto linalokufa. Bavon alicheka peke yake gizani. Alikuwa ameshinda, na miguu yake ilikuwa yake.

Jioni iliyofuata uchungu ukamshika Stéphanie. Hospitali ilikuwa mbali na njia imekuwa mto. Mama Berthe alipinga, lakini Stéphanie hakumsikiliza. Mchawi mpe mwana akulelee, ndivyo wasemavyo, akaingia chumba cha Aïcha akishikilia ukuta. Bavon alikaa barazani kwa Aïcha, shavu limejaa makasu. Kupitia dirishani aliona wekundu hafifu wa balbu, haukutosha kumtambua hata paka. Kisha akasikia sauti ya Aïcha.

"Mahmoudi! Leta mwangaza! Damu inatoka, sioni inatokea wapi!"

Maneno yaleyale. Bavon alitema makasu, akarudi nyumbani mbio mbio na ile miguu iliyokwisha, akajitupa kitandani na kufumba macho.

Usingizi ukakataa. Mtu huwezi kutafuna makasu siku nzima halafu ukaamrisha usingizi kama mtoto. Alilia kwa hasira. Ndipo akaanza kusogeza miguu chini ya blanketi, kulia, kushoto, kwa mwendo wa zamani wa kinu, akivuma wimbo wa kazi bila maneno, mpaka blanketi likawa vumbi la uwanja wa kinu, na giza likanuka mawese.

Gogo lilikuwa palepale. René alikuwa palepale pia, rafiki yake wa kinuni, aliyezama mtoni miaka mingi iliyopita, na wengine wawili nyuma yake. Nyuso zao hazikuonekana. Walimwachia nafasi yake.

"Ulichelewa," René alisema.

"Bado munasukuma?"

"Nani alitwambia tuache?"

Bavon aliweka kifua kwenye gogo. Lilikuwa zito kuliko alivyolikumbuka. Akasukuma.

Kulipopambazuka Aïcha aliingia na kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Alimkuta mzee amelala chali, miguu bado inakwenda taratibu, nyayo zimepasuka, nyekundu kwa mawese mpaka kwenye vifundo. Alimwita mara kadhaa kabla hajafumbua macho.

"Stéphanie?"

"Iko muzima, Papa. Taa ilirudi nyeupe kama mchana, nikaona pa kufunga. Huyu ni mutoto wake, musichana."

"Uso wake muliuona?"

"Wa mutoto?"

"Wa Stéphanie."

Aïcha hakuelewa, lakini akajibu. "Tulimuona, Papa. Alikuwa anacheka."

Miguu ikatulia. Mzee alilia kwa sauti, bila aibu, mtoto yuko juu ya kifua chake.

Mvua ilikoma siku hiyo. Mchana Mahmoudi akaja na groupe na msumeno wake wa kukatia vyuma. Bavon alikuwa ameegemezwa mlangoni, mapaja yamebaki mifupa, akimtazama.

"Unafanya nini?"

"Ninakikata, Papa, vile tulisema."

Bavon alielekeza kidevu upande wa Mama Berthe, ambako Cathy, binti wa muuza makala, alikuwa anaanika nguo, tumbo lake la mwezi wa nane limetangulia mbele.

"Ngojea kwanza ule binti azae," alisema.

Kisha akaomba chikwanga, kubwa, na mawese mengi juu yake.