Umbali kati ya Ndugu

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na hasira zangu ziko karibu. Nayasema haya mapema usije ukashangaa mbele. Wanafunzi wangu wa Bwera, mji wetu wa mpakani, walikuwa wakiambiana kwamba chaki ikivunjika mkononi mwangu, wewe kaa kimya mpaka ivunjike ya pili. Si uongo.

Lakini walionitoa jasho miaka ile hawakuwa watoto. Ilikuwa michoro. Walimu wenzangu walichora mitihani yao kwa rula na kalamu, kisha wakaipiga fotokopi. Mimi nilikuwa nimejifunza chuoni programu moja ya kupanga maandishi ya hesabu, ile ambayo huchori kwa mkono wako: unaiandikia amri, nayo inachora yenyewe. Ukiiamuru vizuri inakutolea ukurasa kama wa kitabu cha dukani. Ukikosea alama moja tu, inakutukana kwa Kiingereza skrini nzima.

Mchoro ulionisumbua kuliko yote ni mti wa uwezekano. Una mfuko wenye mipira myekundu na ya buluu. Unatoa mmoja, kisha unatoa wa pili. Juu kuna kifundo kimoja, yanashuka matawi mawili, na kila tawi linazaa mengine mawili. Katika programu ile kifundo cha juu kinaitwa mzazi, vya chini yake vinaitwa watoto, na nafasi kati ya mtoto na mtoto inaitwa umbali wa ndugu. Sikutunga mimi, ndivyo walivyoita wenyewe. Sasa, usipopunguza umbali wa ndugu kadiri unavyoshuka, wajukuu wa upande huu wanawapanda wajukuu wa upande ule. Mwaka wa kwanza sikulijua hilo. Sehemu mbili za uwezekano zikalaliana katikati ya karatasi ya mtihani, zikawa namba moja isiyojulikana baba wala mama, na darasa zima likaikokotoa kwa uaminifu. Mmoja akaniletea jibu kwamba uwezekano wa kutoa mpira mwekundu ni nne na nusu. Nne na nusu! Na mwezi mzima nilikuwa nimeimba kwamba uwezekano haupiti moja. Siku hiyo chaki hazikutosha.

Basi nikaushikilia mti ule mpaka nikauweza. Ngazi ya juu unaipa nafasi pana, ya chini yake unaibana, ya chini kabisa unaibana zaidi, na maandishi ya kwenye matawi unayasogeza kidogo yasikae juu ya mstari. Nikawa fundi. Sifa zikaenea, na sifa zikienea Bwera hazibaki shuleni, zinapanda mlima mpaka kwa mama yako.

Mama yangu alikuwa ametoka kutolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa miaka mingi alikuwa akitutambua kwa sauti na kwa kishindo cha miguu. Bandeji zilipotoka, lo! Akaona vumbi juu ya kabati langu, akaona mvi zangu, akasema yote mawili mbele ya wageni. Kisha akatangaza kwamba atafanya ibada ya shukrani, na kwamba siku hiyo anataka kuwaona watoto wake wote mahali pamoja. Kutukusanya kwa picha hakukuwezekana. Kaka mkubwa alikuwa kiwanda cha saruji Hima, kazi za zamu. Wa pili alikuwa akifuata kahawa ng'ambo, upande wa Kikongo, mpaka Butembo. Dada zangu waliolewa mbali.

“Wewe si unachora miti kwa kompyuta?” mama akaniambia. “Nichoree wa kwangu. Uwe mkubwa kama shuka, utundikwe kanisani, niusome mwenyewe kwa macho yangu.”

Kwetu, ujue, majina hayatafutwi. Mtoto wa kwanza wa kiume ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake; na wasichana vilevile, wana majina yao yanayofuatana kwa zamu ya kuzaliwa. Ni hivyo kuanzia vilima vya Kasese mpaka Beni ng'ambo. Ndiyo maana darasani nikiita jina la binti wa tatu, dawati zima la mbele linajibu “nipo.” Shangazi yangu, dada yake baba, ni binti wa tatu kwao. Mwite kwa sauti siku ya soko uone: anageuka muuza nyanya, anageuka muuza vitenge, anageuka na mama wa Kikongo mwenye gunia la maharage kichwani. Mimi jina langu ni la binti wa nne.

Shangazi ndiye aliyejifanya mwenyekiti wa sherehe. Hakuna aliyemchagua. Alikuja nyumbani kwangu, akavuta kiti, akakaa bega kwa bega na mimi mbele ya kompyuta akiwa na kikombe cha chai, akaamuru kama afande. “Weka walio hai peke yao. Shukrani na matanga havikai chungu kimoja.” Marehemu baba tu ndiye aliyeruhusiwa, maana bila yeye mti ungekosa shina. Kisha akataka na yeye mwenyewe awekwe kando ya baba, “lakini si kando sana.”

Nikaandika amri, mti ukatoka: baba na mama juu, wavulana kushoto, wasichana kulia, wajukuu chini yao. Nikautuma kwa simu kwa ndugu zangu. Hapo ndipo vita vilipoanza. Kaka mkubwa akapiga kutoka Hima, mitambo inanguruma nyuma yake.

“Mbona mimi niko mbali na mama kuliko wadogo zangu?”

“Ni jiometri, kaka. Wa kwanza anakaa ukingoni, mstari wake unakuwa mrefu.”

“Jiometri gani inamtupa kifungua mimba ukingoni?”

Nikamwambia kama hataki ukingo azaliwe upya, nikakata simu. Huku nako watoto wa kaka wa pili walikuwa wengi, majina yao yakagonga ya watoto wa dada mkubwa. Nikabana, nikapanua, nikabana tena. Mume wangu, ambaye ni mtu wa Butembo na hana haraka na jambo lolote duniani, akawa ananiletea karanga na kunicheka. Mwishowe nikapata kipimo kilichomfaa kila mtu: ndugu wote nafasi moja, sawa kabisa, hakuna wa mbele wala wa nyuma. Nilijipongeza kwa sauti.

Nikachapa karatasi kadhaa, nikaziunga kwa gundi, nikapanda kwa mama. Tulikaa barazani, akazitandaza juu ya magoti. Alisoma kwa kidole, polepole, akifurahia kila herufi kama mtu anayekula embe la kwanza la msimu. Baba. Yeye mwenyewe. Wavulana, mmoja mmoja. Akaja kwa wasichana. Binti wa kwanza. Binti wa pili. Kidole kikafika kwangu, kikarudi kwa dada yangu, kikaja tena kwangu.

“Hapa mmekaa karibu sana, wewe na dada yako.”

“Mama, nafasi ni sawa kwa wote. Nimepima.”

“Sijasema si sawa,” akasema. “Nimesema ni karibu. Kati yenu nilizaa.”

Nilijua. Ndugu msomaji, nani kwetu asiyejua? Mtu yeyote akisikia majina yetu, wa kwanza, wa pili, wa nne, anaelewa bila kuuliza. Nimeitwa binti wa nne maisha yangu yote, na mbele yangu nina dada wawili tu. Lakini jina ukiitwa kila siku unalizoea, unaacha kulisikia. Wa tatu alizaliwa Kisinga, wakati wazazi wetu walipokuwa wakilima kule bondeni, akapata homa, mama akambeba kwa miguu mpaka hospitali ya misheni, akarudi naye amemfunika. Walimzika kando ya shamba. Kisha tukahamia Bwera, shamba likauzwa, na wenye shamba wapya wakalima pote.

“Sina hata pa kwenda kutazama,” mama akasema. “Macho nimepewa, nitazame nini? Nilisema wote.”

Nililia pale pale barazani, mwanamke mzima, mwalimu wa watu. Mama akanipangusa kwa ncha ya kitenge chake na kuniambia niache kulowesha karatasi.

Nyumbani nilimsimulia mume wangu. Akatafuna karanga, akafikiri. “Sogeza basi,” akasema kwa Kiswahili chao cha ng'ambo. “Mutu hawezi kosa fasi mu nyumba ya mama yake.” Rahisi kwa msemaji! Nikisogea mimi, anasogea mdogo wangu, wanasogea watoto wetu, na wajukuu niliowapatanisha kwa taabu wanaanza kugongana upya. Lakini programu ile ilikuwa na amri moja niliyokuwa nikiitumia kwenye hesabu, pale tawi moja la mti lisipokuwa na jibu. Ni amri ya mtoto asiyekuwepo. Ukiiandika, mti unamwachia nafasi yake kamili, ndugu zake wanakaa huku na huku, ila hakichorwi kitu. Nimeitumia mara nyingi bila kuifikiria. Safari hii niliiandika herufi moja moja. Mti ukafunguka kati yangu na dada yangu, na katikati pakabaki peupe.

Nikampelekea mama nikiwa na hakika ya kusifiwa. Akapitisha kidole kutoka jina lake mpaka pale peupe.

“Nafasi nimeiona. Lakini huko amefikaje bila njia?”

“Vipi, mama?”

“Nyote mna mstari unaotoka kwangu. Yeye hana. Nilimzaa, hakudondoka na mvua.”

Nikamuuliza kama na jina niliandike. Akatikisa kichwa. “Shangazi yako hataki, na sigombani na wifi yangu siku ya shukrani. Wewe chora mstari. Jina nitalisema mwenyewe.”

Kumbe kumchorea mstari mtoto asiyekuwepo ni kazi kuliko kumwachia nafasi. Amri ile inakataa. Kwake, asiyekuwepo hana mstari. Ikabidi niiondoe na kuweka mahali pake kifundo kisicho na maandishi, nikipe upana wangu mimi, maana kifundo kitupu husinyaa na ndugu zake humsogelea wakaifunga nafasi. Nikampa upana wa jina langu, herufi kwa herufi. Mstari ukashuka kutoka kwa mama, ukafika, ukaishia pale.

Bango tulilichapisha Kasese. Jua lilikuwa la Kasese, la kuchoma utosi, hamna la kusema zaidi. Fundi wa mabango aliufungua mti kwenye kompyuta yake, akaukuza, akaguna.

“Madamu, hapa iko laini haina mutu. Nifute?”

“Gusa uone!”

Mkono wake ukaruka kutoka kwenye kipanya kama umeungua. “Pole, madamu. Nilidhani ni makosa.”

“Ni dada yangu,” nikasema. Yule fundi aliuacha mstari, akaongeza wino wake, ukatoka mweusi sawa na ya wenzake.

Siku ya ibada bango lilitundikwa kati ya madirisha mawili. Mama alisimama mbele yake amevaa busuti mpya, gauni la sherehe, bila miwani, bila fimbo, akakataa mtu yeyote asimshike mkono. Alisoma kwa sauti, kanisa zima limsikie kwamba anaona. Kila aliyetajwa alisimama na kusema “Nipo, mama.” Asiyekuwepo aliitikiwa na aliyekuwepo: kaka wa Hima alikuwa zamu, akaitikiwa na mwanawe, wa Butembo akaitikiwa na mkewe. Shangazi alikuwa kiti cha mbele, ametunisha mabega, mwenyekiti kamili.

Binti wa kwanza. Nipo, mama. Binti wa pili. Nipo, mama. Kidole kikafika kwenye mstari usio na mtu. Mama akavuta pumzi, akalitaja jina la binti wa tatu, wazi, kama anavyoita mtoto aje kula.

Nikamtazama shangazi. Kisha kiti cha mbele kikalia, na shangazi, yule yule wa shukrani na matanga, akainuka.

“Nipo, mama,” akasema, akamwita mama wifi yake wa miaka yote.

Nyuma yake akasimama mke wa mchungaji. Akasimama muuza nyanya. Akasimama msichana wa darasa langu, na mama wa Kikongo karibu na mlango mwenye mtoto mgongoni. Mabinti wa tatu wa Bwera nzima wakainuka huku na huku, nipo mama, nipo mama, mpaka mtu asijue ageukie wapi.

Mama akageuka akawatazama mmoja mmoja kwa yale macho yake mapya, machozi yanashuka na meno yote yako nje.

“Lo!” akasema. “Kumbe amekua hivi!”

Watu wakacheka, wanawake wakapiga vigelegele. Mama akajipangusa, akarudi kwenye bango, akasogeza kidole hatua moja ya ndugu, akasoma lililofuata. Lilikuwa jina langu. Nikasimama.