Nilitangazia Mtaa Mzima, Mama Hakusikia

Siku ile nilipita mbele ya nyumba yetu mara tatu, nikiwaambia watu wakimbie. Mama alikuwa mlangoni. Akanipungia mkono, nami nikampungia.

Mama yangu ni kiziwi tangu utotoni.

Msinitukane kwanza, someni mpaka mwisho.

Kazi yangu ni matangazo. Mimi, dereva, pikapu na spika mbili juu. Maji yanakatwa, natangaza. Chanjo za watoto, natangaza. Duka limeshusha bei ya magodoro, natangaza, tena kwa madaha. Mtaani wananiita Mdomo.

Asubuhi ile wapiganaji walikuwa wameshavuka daraja. Bosi akanipa fomu.

"Mdomo, watu wote wawe uwanja wa shule kabla ya saa saba. Malori hayamsubiri mtu. Ukimaliza mtaa, andika umekamilika, tia sahihi."

Nikapaza sauti mpaka koo likakauka. Watu wakatoka na mabegi, na kuku, na watoto mgongoni. Kwetu sikushuka. Dada yangu alikuwa nyumbani, nikajua atamtoa mama.

"Umekamilika?" dereva akauliza.

"Umekamilika."

Chini ya fomu kulikuwa na nafasi ya kuandika waliobaki. Nikaikata kwa mstari, kama kawaida yangu. Nikatia sahihi.

Jioni, kambini watu walikopelekwa, nikamwona dada yangu kwenye foleni ya maji. Peke yake.

"Mama yuko wapi?"

Akanikazia macho. "Si uko naye?"

"Niko naye wapi? Mimi nilikuwa kazini!"

"Nilitoka kwenda sokoni, nikapandishwa lori hukohuko. Nikasema kaka ndiye anayetangaza, hawezi kumwacha mama."

Sikulia. Alinishikisha ndoo, nikaiweka chini.

Nikaenda kwa bosi.

"Bosi, rudisheni gari moja. Mama yangu amebaki."

Akafungua faili, akanionyesha fomu yangu.

"Mtaa wenu umekamilika, Mdomo. Umeandika mwenyewe. Kulikuwa na lori la wagonjwa na walemavu, lilikaa saa nzima linasubiri majina, nikalipeleka kwingine. Sasa barabara imefungwa."

Kumbe lori lilikuwepo. Lilikosa jina moja tu kutoka kwangu.

Barabara ilifunguliwa siku ya tisa. Tukarudi, mimi na dada.

Mama alikuwa hai. Alikuwa amekaa jikoni, amekonda, anakunywa maji ya pipa. Ukuta wa chumbani ulikuwa umemwangukia mkono wa kulia, akaufunga mwenyewe kwa kipande cha shuka. Mkono huo ndio aliozoea kuongea nao kwa ishara. Baadaye daktari alituambia vidole havitafanya kazi tena.

Dada alilia mpaka akakaa sakafuni. Mimi nilisimama tu. Mpaka leo sijalia, na watu wanadhani nina roho ngumu.

Mama alinigeukia. Kisha akaniuliza kwa mkono wa kushoto, polepole, akikosea na kurudia:

"Siku ile ulikuwa unatangaza nini?"

Nilikuwa na mikono miwili mizima na sikuweza kumjibu.

Bado nafanya kazi ileile. Siku hizi napita na kitambaa chekundu nikikipunga, nashuka, nabisha mlango mmoja mmoja. Kabla ya sahihi nauliza nani hasikii, nani haoni, nani hawezi kutembea, na majina yao nayaandika. Dereva ananung'unika kwamba tunachelewa. Kweli tunachelewa.

Ndugu yangu unayesoma, kama kwenu kuna mtu wa namna hiyo, kaeni leo mkubaliane nani atamtoa siku mambo yakiharibika. Mtajeni kwa jina, na yeye mwenyewe aambiwe. Mkimaliza, pelekeni jina lake kwa viongozi wa mtaa, maana ni haki yake kuandikwa.

Usiseme moyoni kwamba fulani yupo nyumbani, atamtoa. Mimi nilisema hivyo.